Saumu, Sinia na Sukari

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, wenyeji walimpangia nyumba ya wageni na kumletea wali uliopikwa kwa samli. Ulikuwa umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Msafiri huyo wa Tangier alikuwa ameshakula kwa wakubwa wa nchi nyingi, lakini hapa alistaajabu. Aliandika kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula kinachowatosha watu kadhaa, na kwamba miili yao ni minene mno. Alipoteremka hadi Mombasa alikuta maisha mengine: watu wanakula ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka pwani ya jirani.

Miji yote miwili ilikuwa ya Waislamu na ilifunga mwezi mmoja ule ule. Saumu iliyomkuta mnene wa Mogadishu ndiyo iliyomkuta mla ndizi wa Mombasa, ila haikukuta mwili wa namna moja. Jambo hili la karne ya 14 linastahili kukumbukwa leo, wakati kufunga kwa vipindi kunasifiwa duniani kote kama dawa ya unene na kisukari, na Ramadhani inatajwa kama ushahidi.

Kwenye pwani hii saumu ni ya kale. Ilifaradhishwa Madina mwaka wa 2 Hijria, yaani 624, na kabla karne ya nane haijaisha palikuwa na msikiti huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alifukua misingi yake. Waswahili waliipa saumu nafasi ambayo jamii nyingi za Kiislamu hazikuipa: waliihesabia mwaka. Mwezi unaofuata Ramadhani ni Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo zije Rajabu na Shaabani na mfungo uingie tena. Maulidi husomwa Mfunguo Sita. Mvuvi asiyejua Kiarabu hata neno aliweza kujua yuko umbali gani na mwezi wa kufunga.

Pamoja na kalenda hiyo kulikuwa na utaratibu wa kula. Siku za mwisho za Shaabani watu huvunja jungu, wakila na kufurahi kabla ya mwezi kuandama. Ukishaandama, siku hupinduliwa: jua likizama hufunguliwa kwa tende na maji au uji, halafu huja futari yenyewe, na usiku wa manane hupita wapiga ngoma mitaani kuwaamsha watu wale daku. Lamu, Unguja, Tanga na Mombasa kila mji una mapishi yake, lakini msingi haupishani sana: mihogo, ndizi, magimbi au viazi vikuu kwa tui la nazi, samaki, maharage, tambi, sambusa, kaimati.

Sinia hiyo inaonekana kama iliyoanza na dini yenyewe, na sivyo. Muhogo ulitoka Amerika na kufika Afrika kwa njia ya Wareno, kwa hiyo wazee wa Shanga na wa Kilwa ya zama za Ibn Battuta hawakuuonja. Mabaki ya mimea yaliyochimbuliwa katika makazi ya mwanzo ya pwani yanaonyesha zaidi mtama, mawele, ulezi na kunde. Kisha, katika karne ya 19, mashamba ya Unguja na Pemba yakajaa mikarafuu, na wali uliopikwa visiwani ukazidi kutegemea mchele ulioletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Ukingoni mwa mto Pangani matajiri walilima miwa kwa kazi ya watumwa. Abushiri bin Salim, aliyekuja kuwapiga Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Sukari hiyo ilisafirishwa kuvuka mkondo hadi Unguja. Karne ya 20 ikaongeza ngano nyeupe, mafuta ya kupikia ya viwandani, chai ya sukari nyingi na juisi za unga. Kaimati iliyokuwa kitu cha kuonjeshana ikawa ya kila jioni.

Mwili nao ulibadilika. Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania ambako waliokuwa na kisukari hawakuzidi sana mtu 1 katika 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata zaidi ya 9 katika 100. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wale wale, lakini daktari yeyote wa pwani anajua zinakoelekea.

Uhusiano wa njaa na kisukari uliwashughulisha matabibu kabla haujawa gumzo. Wakati Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870, Apollinaire Bouchardat aliona wagonjwa wake wa kisukari wakipata nafuu kwa sababu chakula kiliadimika, na sukari ikapungua katika mkojo wao. Miaka ya 1910 Frederick Allen, huko New York, alilifanya hilo kuwa tiba, akiwanyima wagonjwa chakula siku kadhaa na kisha kuwapimia kidogo kidogo. Watoto waliotibiwa hivyo walibaki ngozi na mifupa, lakini baadhi yao walibaki hai hadi insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921.

Insulini ndiyo iliyogeuza mambo. Kabla yake mgonjwa alihofiwa kwa kula. Baada yake, na baada ya vidonge vinavyoisukuma kongosho, mgonjwa aliweza kufa kwa kutokula, kwa sababu dawa huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo bibi anayemeza vidonge hivyo daku na kukaa hadi magharibi bila kitu hafungi saumu ile ile aliyofunga mama yake. Hapo ndipo sifa nyingi za kufunga kwa vipindi zinapokosea: huzungumzia mwili mzima, usio na dawa, kana kwamba ndio mwili wa kila mtu.

Mwaka 1994 wataalamu walikutana Casablanca kwa mkutano wa kimataifa wa afya na Ramadhani, na mwaka 2001 ukafanyika utafiti ulioitwa EPIDIAR. Uliwahusisha wagonjwa 12,243 wa Kiislamu katika nchi 13, kuanzia Morocco hadi Indonesia, bila hata moja ya Afrika Mashariki. Katika wenye aina ya pili ya kisukari, asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi. Sukari kushuka kwa hatari kuliongezeka mara 7.5 kwao ndani ya mwezi ule, na mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza. Si wote waliosubiri ushauri wa daktari.

Hatari hiyo inahuzunisha zaidi kwa sababu ruhusa ya kutofunga iko wazi. Aya zile zile za Sura ya Al-Baqara zinazofaradhisha saumu zinamtoa mgonjwa na msafiri, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani, yanamwelekeza mgonjwa asiyetarajia kupona atoe kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Kibaba kimekuwa jikoni mwa Waswahili kwa karne nyingi. Lakini aibu ya kuonekana unakula mchana ina nguvu kuliko ruhusa hiyo, na wazee wengi huona kutoa fidia ni kushindwa. Fidia ni ibada, na inapaswa kusemwa hivyo kwa sauti misikitini.

Kwa mtu mzima mwenye afya habari ni njema, japo si kubwa kama inavyotangazwa. Akiba ya sukari iliyomo katika ini hupungua taratibu, na alasiri ya siku ya saumu mwili huanza kutegemea mafuta yake zaidi. Karibu na ikweta mfungo huchukua saa 13 hadi 14 mwaka wote, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako wakati wa kiangazi huweza kupita saa 18. Watafiti wa Imperial College, waliowapima wafungaji wa London na kuchapisha mwaka 2021, walikuta shinikizo la damu la juu limeshuka kwa wastani wa milimita 7 hivi. Uzito nao kwa kawaida hupungua kilo 1 au zaidi kidogo, kisha hurudi baada ya Idi. Kwa wengine haupungui kabisa, kwa kuwa kinachokosekana mchana hulipwa usiku, pamoja na usingizi uliokatwa na daku.

Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari wa mwaka 2016, ulioungwa mkono na Mufti wa Misri na kuhuishwa mwaka 2021, unampa kila mgonjwa alama za hatari kabla ya kumjibu kama afunge au asifunge. Unaeleza kwamba kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi, na kwamba ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita ni lazima mtu afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika chache. Unataka pia mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla, dawa zipangwe upya na sinia iangaliwe. Kwa kalenda ya Waswahili hiyo ni Rajabu, jungu likiwa bado halijavunjwa. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, katika joto la kaskazi ambapo mwenye kisukari hupoteza maji haraka kuliko wenzake, na miezi ya kujiandaa kwa ajili yake inajulikana tangu sasa.