Mbegu ya mpunga, Siku ya Marehemu na Pasaka

Vitabu vya dini vilivyotoka Ulaya vinatuambia kwamba Pasaka ni wakati miti inachipuka baada ya baridi. Kwao ni kweli, maana sikukuu hii huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Lakini sisi wa Salamabila hatujui theluji. Sasa je, mashamba yetu yanasema nini juu ya ufufuko?

Kwetu nchi inakauka toka mwezi wa 6 mpaka wa 8. Majani yanachomwa, udongo unabaki mweusi. Mvua za mwezi wa 9 zikirudi, kila kitu kinachipuka. Mwezi wa 10 na wa 11 mama zetu wanapanda mpunga. Na tarehe 2 Novemba Wakatoliki tunawaombea marehemu, tunasafisha makaburi. Kumbe mikono inayopalilia kaburi ndiyo hiyo inayofukia mbegu! Mpunga unakaa shambani miezi 4 au 5, na Pasaka ikikaribia tunavuna.

Mpunga wenyewe hatukuupata kwa mapadri. Ulienezwa Maniema na Waungwana, watu wa Tippo Tip, waliokaa Kasongo katika miaka ya 1870. Aprili 1893 askari wa Dhanis waliteka Kasongo. Utawala wa Waungwana ukaisha, mpunga ukabaki. Wamisionari walipokuja kufundisha barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorinto, sura ya 15, ambamo mwili unaozikwa unafananishwa na mbegu, mfano ulikuwa tayari shambani. Ndugu zetu Waislamu nao wanasoma katika Kurani kwamba Mungu atafufua wafu kama anavyohuisha kwa mvua ardhi iliyokufa.

Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilitufundisha bei ya mbegu: mtu akikimbia, ghala linabaki nyuma, akirudi, hana cha kupanda. Leo dhahabu ya Namoya inavuta vijana, na shamba anaachiwa mama peke yake. Lakini dhahabu ukiifukia, haichipuki.

Mama anayeweka mbegu kando huku watoto wanalia njaa, huyo ndiye anayejua tumaini ni nini. Basi tunapendekeza: tarehe 2 Novemba, kila familia ilete kanisani kikapu cha mbegu, kibarikiwe kabla ya watu kwenda makaburini.