Namba ya fremu ya baiskeli

Namba ya fremu ni alama ya utambulisho ambayo viwanda huigonga kwenye baiskeli, aghalabu chini ya fremu, penye pedeli. Peke yake haizuii wizi, na namba za viwanda viwili zaweza kufanana. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu 1 Januari 2021, baiskeli mpya inayouzwa na mfanyabiashara sharti iwe na namba isiyojirudia, iliyosajiliwa katika daftari la taifa, zilizotumika zikafuata Julai mwaka huohuo. Anayeona tangazo mtandaoni aweza kuomba namba na kuangalia kama baiskeli imeripotiwa kuibwa. Muuzaji anayekataa kuitaja amejieleza tosha. Pengo limebaki kwa watu binafsi wanaouziana baiskeli kuukuu, kwani sheria haiwalazimishi kuzitia alama.