Reli Isiyofika Ufipa: Makumbusho ya Usafiri, Treni za Kale na Swali la Kumbukumbu Isiyo na Chuma

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa, akitaka kupanda treni hana budi kwanza kusafiri kwa barabara hadi Mpanda upande wa kaskazini, au hadi Tunduma upande wa kusini-mashariki. Reli imeuzunguka uwanda huo kwa zaidi ya karne moja bila kuupanda. Kwa sababu hiyo, mjadala wa kuhifadhi treni za kale katika Afrika Mashariki umekuwa ukiendeshwa kana kwamba Ufipa haihusiki nao. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba historia ya usafiri haipimwi kwa mahali palipopita mataruma peke yake, bali pia kwa mahali palipotoka watu waliosafiri, waliobeba na waliofanya kazi kwa ajili ya mfumo huo. Makumbusho yanayofunguliwa au kufunguliwa upya bila kulizingatia jambo hili huhifadhi mitambo na kuwaacha nje watu.

Ili kuijenga hoja hiyo, makala yanaanza na Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yanapitia njia zilizouzunguka uwanda wa Ufipa, na yanamalizia na meli ya Liemba, ambayo ndicho chombo cha kale kilicho karibu zaidi na maisha ya watu wa Mwazye na Kasanga.

2.0 Makumbusho ya Reli ya Nairobi na Urithi Uliobaki Ugenini

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zikiendeshwa na shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msukumo mkubwa wa uanzishwaji wake ulitoka kwa Fred Jordan, aliyekuwa pia msimamizi wake wa kwanza. Miongoni mwa vitu vinavyowavuta wageni ni behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Kuna pia vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Kila kimoja kina uzito wa takribani tani 252, na huhesabiwa kuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kubwa kuliko vyote vilivyowahi kutumika kwenye reli ya upana wa mita moja.

Majina ya vichwa hivyo yanastahili kuchunguzwa. Viwili vilivyohifadhiwa vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha Milima ya Upare. Yote miwili imo Tanzania. Kichwa kingine, cha daraja la 30, kinabeba jina la Wanyaturu wa Singida, na aina hiyo ilikusudiwa hasa kwa njia ndefu na kame za Tanganyika. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mali za reli ziligawanywa na Tanzania ikaanzisha shirika lake yenyewe. Makumbusho yalibaki yalipokuwa. Hivyo, sehemu ya kumbukumbu inayobeba majina ya milima na watu wa Tanzania inatazamwa leo jijini Nairobi.

Lengo la kulieleza jambo hili si kudai kwamba vichwa hivyo virudishwe. Daraja la 59 lilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi, na kuvihamisha vichwa hivyo kungekata uhusiano wake na njia hiyo. Kinachodhihirika ni kwamba jina lililochorwa ubavuni mwa injini halitoshi kuwa historia. Mnyaturu alitajwa kwenye chuma, lakini mtazamaji haambiwi na jina hilo ni nani aliyepakia kuni, aliyelaza mataruma au aliyesafiri daraja la tatu. Uganda nayo imefungua makumbusho ya reli katika stesheni ya Jinja mwaka 2022, na Tanzania imeanza kuendesha treni za umeme za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Reli mpya inapochukua abiria wa reli ya zamani, swali la nini kihifadhiwe huwa la haraka, kwa kuwa chuma chakavu huuzwa upesi kuliko kinavyoandikwa.

3.0 Njia Zilizouzunguka Uwanda

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Chini ya utawala wa Waingereza, tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi, na ndilo lililoileta treni karibu na Ufipa kwa upande wa kaskazini. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikapita Tunduma. Katika mipango yote hiyo mitatu, Ufipa haikuwa lengo. Reli ya Kati ilitafuta ziwa, tawi la Mpanda lilitafuta madini, na TAZARA ilitafuta shaba ya Zambia.

Hata hivyo, Ufipa ilikuwa na mahusiano mazito na mifumo hiyo. Kwanza, uwanda huu ulikuwa na chuma chake kabla ya reli. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo zijulikanazo kama malungu, na majembe yao yalisafirishwa kwa vichwa na mabega ya watu. Pili, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yaliyoingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliiteka boma ya Wajerumani ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, mwezi Juni 1916. Katika nchi isiyo na reli wala barabara za magari, vita hivyo viliendeshwa kwa migongo ya wapagazi. Tatu, katika kipindi cha ukoloni wa Waingereza, vijana wengi wa Ufipa waliondoka kutafuta fedha za kodi na mavazi katika mashamba ya mkonge na kwenye migodi. Manamba aliyetoka Ufipa alitembea siku nyingi kabla hajaiona treni.

Kutokana na hayo, kauli kwamba reli haikufika Ufipa ni kweli kwa ramani, lakini haitoshi kwa historia. Ufipa iliifuata reli kwa miguu. Tatizo la mhifadhi ni kwamba miguu haikuacha kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kioo.

4.0 Liemba: Chombo Kilichozaliwa na Reli

Kitu kimoja kinaziunganisha pande hizi mbili za historia. Meli ya Liemba iliundwa na Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa Reli ya Kati hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwezi Mei 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo David Livingstone alilisikia likitumiwa kuliita ziwa alipofika ncha yake ya kusini mwaka 1867.

Kwa miongo mingi meli hiyo ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, na Kasanga ilikuwa miongoni mwa bandari chache zilizokuwa na gati. Mahali pengi pengine abiria na magunia vilipokewa majini kwa mitumbwi. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa na nafasi yake ikachukuliwa na za dizeli. Kwa mhifadhi anayetafuta kitu halisi kisichoguswa, hilo ni dosari. Kwa mkazi wa mwambao, ndiyo sababu meli iliendelea kuwapo.

Hapa ndipo lilipo suala zito. Huduma za Liemba ziliposimama kwa ajili ya matengenezo, kulikuwa na mitazamo miwili: igeuzwe makumbusho, au irudishwe majini. Mtazamo wa kwanza una mantiki, kwa kuwa chombo chenye umri wa zaidi ya karne hakiwezi kubeba mizigo bila kuhatarisha abiria na chombo chenyewe. Lakini Liemba ikifungwa gatini Kigoma, mtalii atapata cha kutazama, na Kasanga itapoteza chombo kilichoipa maana bandari yake. Uhifadhi wa namna hiyo utakuwa umerudia kosa lililoonekana Nairobi, yaani kulihifadhi jina mbali na wenye jina.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba makumbusho ya usafiri yakijengwa kwa kufuata mitambo peke yake, maeneo kama Ufipa hutoweka, ilhali yalichangia nguvu kazi, wapagazi na abiria. Inapendekezwa kwamba maonesho yoyote ya treni za kale nchini Tanzania yaanze na mzigo: nani aliubeba, kutoka wapi, na kwa malipo gani. Kwa mpangilio huo, jembe la Kifipa, mzigo wa mpagazi na mkataba wa manamba vitakaa chumba kimoja na kichwa cha treni bila kuonekana vimepotea njia.

Kuhusu Liemba, pendekezo ni kwamba iwapo itastaafishwa, Kasanga ipewe sehemu yake ya kumbukumbu. Barabara ya lami inayoshuka kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga imeondoa kisingizio cha umbali. Kazi ya haraka zaidi, hata hivyo, haihitaji jengo. Wazee wa Mwazye na wa mwambao waliosafiri kwa meli hiyo, au waliosimuliwa na baba zao safari ya kwenda mkonge, hawatasubiri bajeti ya makumbusho. Chuma kilichozamishwa mwaka 1916 kiliweza kuopolewa baada ya miaka 8, lakini masimulizi ya mzee aliyefariki kabla ya kurekodiwa hayana wa kuyaopoa.