Motokaa ya Mashindano Isiyoshindana

Wahenga walinena: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Lakini viko vitu ambavyo kadiri vinavyozeeka ndivyo bei yake izidivyo.

Mwaka 1955 kiwanda cha Mercedes-Benz, Ujerumani, kiliunda motokaa mbili za mashindano zenye paa, aina ya 300 SLR, chini ya mhandisi Rudolf Uhlenhaut. Hazikushindana hata mara moja. Tarehe 11 Juni mwaka huo, mashindanoni Le Mans, Ufaransa, motokaa nyingine ya kiwanda hicho iligonga mwenziwe, ikaruka, na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80. Mwaka ulipokwisha, kiwanda kiliacha mashindano, na Uhlenhaut akawa akisafiria moja ya motokaa zile.

Mwezi wa Mei 2022 moja iliuzwa kwa mnada mjini Stuttgart kwa yuro milioni 135, bei ambayo hapo kabla haikupata kutolewa mnadani kwa motokaa yoyote. Fedha hizo zilitengwa kuwasaidia vijana katika masomo.

Je, mnunuzi alinunua mwendo? La. Mwendo hupitwa, alinunua uchache na historia. Nasi tukiitaja bei hiyo, tusiwasahau waliokufa Le Mans, kwani nao wamo katika historia hiyo.