Jinsi Wapiga Mishale Walivyotafuta Sheria Moja

Wasomaji wetu, upinde si kitu kigeni kwetu. Katika msitu wa Ituri Wambuti huwinda kwa upinde hata leo, na hatukusikia kamwe kwamba walihitaji kitabu cha sheria: nyama akianguka, mshale ulikuwa mwema, akikimbia, hakuna wa kushtakiwa. Lakini watu wakitaka kushindana, tena watu wa nchi mbalimbali, mambo hugeuka. Ni nani atakayesema shabaha iwekwe mbali kadiri gani? Swali hilo liliwasumbua watu wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Twataka kueleza jinsi walivyolijibu, na mahali waliposhindwa kulijibu.

Tuanze Ubelgiji. Tangu zamani sana miji ya Flanders ilikuwa na vyama vya wapiga mishale waliolinda mji, na vingi vilijiweka chini ya Mtakatifu Sebastiano, yule askari wa Roma aliyepigwa mishale kwa ajili ya imani yake. (Labda mtashangaa kwamba wapiga mishale walimchagua aliyechomwa nayo. Sisi pia tulishangaa.) Bunduki zilipokuja, vyama havikufa, vilibaki kwa ajili ya mchezo na sikukuu. Watu husimamisha mlingoti mrefu, wakaweka juu yake ndege wa bandia, nao hupiga mishale kuelekea mawinguni. Anayemwangusha ndege wa juu huitwa mfalme kwa mwaka mzima. Akimwangusha miaka mitatu mfululizo, huitwa kaisari.

Sasa, mchukue kaisari huyo umpeleke Ufaransa. Atakuta desturi ya kupiga mita 50 katika uwanja wenye shabaha mbili zinazoelekeana. Avuke bahari mpaka Uingereza: pale watamwambia yadi 100, kisha 80, kisha 60. Kila mmoja alikuwa na desturi ya babu zake, na kila mmoja aliona ya jirani kuwa mchezo wa watoto.

Aibu ilionekana katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka 1904, kule Marekani, walioshindana kwa upinde walikuwa Wamarekani peke yao. Mwaka 1908, London, ikabidi kuwe na shindano kwa desturi ya Waingereza na jingine kwa desturi ya bara. Mwaka 1920 michezo ilifanyika Antwerpen, basi ndege wa mlingoti akaingia Olimpiki; katika shindano lake hawakutokea ila Wabelgiji. Mbelgiji Hubert Van Innis, aliyezaliwa mwaka 1866, alipata medali 6 za dhahabu na 3 za fedha katika michezo ya 1900 na 1920. Hatusemi hakuwa hodari. Twasema tu kwamba ni vigumu kumsifu mshindi ipasavyo wakati wengine hawakuja. Baada ya hapo upinde ukatolewa katika Olimpiki, ukakaa nje miaka 52.

Septemba 1931 wajumbe wa nchi 7 wakakutana Lwów, mji uliokuwa wa Poland wakati ule, na leo ni wa Ukraine: Ufaransa, Poland, Uswidi, Chekoslovakia, Hungaria, Italia na Marekani. Wakaunda shirikisho lililoitwa FITA kwa kifupi cha Kifaransa. Ubelgiji, nyumba ya makaisari, haikuwamo katika wale 7. Lakini haikukawia kuja: mwaka 1933, katika shindano la dunia huko London, Wabelgiji walipata dhahabu ya kikundi, na Van Innis alikuwa kati yao, mzee wa miaka 67.

Kuunda chama kulikuwa kazi nyepesi kuliko kukubaliana juu ya uwanja. Mwaka 1957 tu ndipo ulipowekwa utaratibu uliokuja kushika dunia yote: mishale 144, yaani 36 kwa kila umbali, wanaume mita 90, 70, 50 na 30, wanawake mita 70, 60, 50 na 30. Haikuwa desturi ya nchi yo yote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kusema ameshindwa na jirani. Mwaka 1972, Munich, upinde ukarudi Olimpiki kwa kipimo hicho.

Na wawindaji je? Kule Marekani chama cha shabaha kilikuwapo tangu 1879, lakini wawindaji walisema: paa hasimami mita 90 kamili kwenye majani yaliyokatwa. Walitaka kutembea msituni, shabaha moja bondeni, nyingine kilimani, kila moja kwa umbali wake. Mwaka 1939 wakaunda chama chao cha nchi nzima. Kwa maoni yetu walikuwa na haki. FITA nayo ikachelewa kuwafungulia mlango: shindano lake la kwanza la dunia la kupiga msituni lilifanyika mwaka 1969, Valley Forge, Marekani. Mwaka uliofuata watu wa upande wa wawindaji wakaanzisha shirikisho lao la dunia. Hata leo mashirikisho hayo ni mawili, na mtu anayependa kushindana kotekote hulipa ada mara mbili.