Refleksi ya zamani au hibridi mpya? Mambo ya kupima mbele ya kutoa makuta kwa apareye ya foto

Kutoka Bunia na Butembo mpaka Goma, Bukavu na Uvira, kupiga foto na video ni kazi inayolisha watu: harusi, mahari, ubatizo, sherehe za kumaliza masomo, matanga, foto za paspoti, hata habari za redio zinazowekwa kwenye intaneti. Mtu anayeanza kazi hiyo, ama anayetaka kubadilisha chombo chake, anakuta njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua refleksi ya okazioni, ile apareye yenye kioo ndani. Ya pili ni kuongeza makuta na kuchukua hibridi, apareye ya kisasa isiyo na kioo. Akikosea, makuta ya miezi mingi yanalala ndani ya chombo kisichofanya kazi aliyoitaka.

Ili maelezo yasibaki hewani, hapa zinalinganishwa apareye mbili za kampuni moja, Canon ya Japani. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Moja ni EOS 1300D, refleksi iliyotoka mwaka 2016. Nyingine ni EOS R50, hibridi iliyotoka mwaka 2023. Yanayosemwa hapa yanasaidia pia kwa mtu anayeangalia Nikon au Sony, juu tofauti kubwa ni zile zile.

Kioo kiko na kazi gani?

Ndani ya refleksi, mwanga unapita kwenye lenzi (ile wapiga foto wengi wanaita obyektifu), unagonga kioo kilicholala mshazari, kisha unapanda mpaka kwenye tundu la kuchungulia. Jicho linaona kitu chenyewe, si picha ya umeme. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unafika kwenye kihisi kinachoshika foto, kioo kinarudi. Ule mlio wa "klak" unatoka hapo.

Ndani ya hibridi, kioo hakipo. Mwanga unafika kwenye kihisi muda wote, na kihisi kinatuma picha kwenye ekrani ama kwenye tundu dogo lenye ekrani ndani yake. Kwa sababu hakuna nafasi ya kioo, apareye inakuwa nyembamba. Kwenye Canon, kutoka mahali lenzi inapofungwa mpaka kwenye kihisi ni milimita 44 kwa refleksi, na milimita 20 tu kwa hibridi. Kwa uzito, 1300D pamoja na bateri yake iko karibu gramu 485, R50 iko karibu 375.

Hibridi si kitu cha jana. Panasonic ilitoa ya kwanza yenye lenzi za kubadilisha mwaka 2008. Canon ilianza familia yake ya EOS R mwaka 2018, na mwisho wa 2021 mkubwa wa kampuni, Fujio Mitarai, alieleza kwamba hawatatengeneza tena refleksi mpya ya daraja la juu kabisa. Maana yake ni kwamba lenzi na vifaa vipya vinatoka upande wa hibridi. Refleksi zilizopo hazikufa, lakini familia yao haizai tena.

Ubora wa foto: tofauti si kubwa kama watu wanavyofikiri

1300D inatoa foto ya megapikseli 18, R50 inatoa 24. Kwenye karatasi, foto ya 1300D ikichapwa kwa ubora wa juu, nukta 300 kwa kila inchi, inafika sentimita 44 kwa 29, karibu A3. Ile ya R50 inafika karibu sentimita 51 kwa 34. Mteja wa harusi anayeomba foto za 10 kwa 15, ama moja ya 20 kwa 30 ya kutundika sebuleni, hataona tofauti.

Ukubwa wa kihisi pia ni ule ule, milimita 22 kwa 15 hivi, kipimo kinachoitwa APS-C. R50 inajikaza zaidi katika giza: kipimo chake cha ISO kinafika 32.000, wakati 1300D inaishia 6.400 kwa kawaida. Lakini giza linategemea sana lenzi, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na R50, ya 18-45, inaanzia f/4.5 na kufika f/6.3. Ile ya 18-55 inayokuja na 1300D inaanzia f/3.5 na kufika f/5.6. Kwa hiyo lenzi ya apareye mpya inaingiza mwanga kidogo kuliko ile ya zamani.

Sasa chukua 1300D, uifunge lenzi ya Canon ya 50 mm f/1.8, moja ya lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo. Lenzi hiyo inaingiza mwanga karibu mara 10 kuliko 18-55 ikivutwa mpaka 55. Ndani ya kanisa lenye balbu mbili, ama mu salle usiku, refleksi ya zamani yenye lenzi hiyo inaweza kutoa foto safi kuliko hibridi mpya yenye lenzi yake ndogo. Ubaya wake ni kwamba haivuti wala hairudishi. Mpiga foto ndiye anasogea kwa miguu.

Kulenga: hapa mpya inashinda wazi

1300D iko na nukta 9 za kulenga, zote karibu na katikati, na ile ya katikati ndiyo yenye nguvu. Bibi harusi akitembea kuelekea altare, mpiga foto anapaswa kumfuata kwa nukta hiyo na kuomba Mungu. Foto nyingine zinatoka flu, yaani macho hayako wazi, wazi ni sikio ama ukuta wa nyuma. Inapiga foto 3 kwa sekunde.

R50 inatambua uso na jicho la mtu, inalishika jicho hata likiwa pembeni ya foto, na kulifuata mtu akicheza. Inapiga foto 12 kwa sekunde, na 15 ikitumia shata ya umeme. Kwa anayeanza, hiyo inapunguza foto za kutupa.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Ngozi nyeusi karibu na rochi nyeupe inachanganya apareye yoyote: ama rochi inaungua, ama uso unapotea gizani. Katika tundu la hibridi, mpiga foto anaona mwanga wa foto mbele ya kubonyeza, na anaurekebisha hapo hapo. Katika tundu la refleksi anaona kitu kilivyo, kisha anagundua kosa nyuma ya kupiga. Aliyezoea anajua kuhesabu. Anayeanza anajifunza kwa kupoteza foto.

Video na sauti

Anayetaka video asome sehemu hii mara mbili. 1300D inarekodi 1080p, foto 30 kwa sekunde, lakini haifuati mtu yenyewe wakati wa kurekodi. Mtu akisogea, ni lazima mpiga video alenge tena mwenyewe. Tena haina tundu la kuingiza maikrofoni. Sauti inayoshikwa ni ya maikrofoni yake ndogo, pamoja na upepo, pikipiki na jenereta ya jirani. Anayeitumia kwa mahojiano anarekodi sauti pembeni, kwa simu ama rekoda, anapiga kofi moja mwanzoni, kisha anaunganisha sauti na picha kwenye kompyuta akifuata mlio wa kofi hilo. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inakula saa.

R50 inarekodi 4K, inafuata uso yenyewe, iko na tundu la maikrofoni la milimita 3,5, na ekrani yake inageuka mpaka mbele, hivyo mtu anayejirekodi peke yake anajiona. Inaweza kurekodi mpaka saa moja bila kukatwa. 1300D inaishia dakika 29 na sekunde 59.

Lakini 4K iko na bei yake. Katika kipimo cha kawaida, dakika moja ya R50 inakula karibu MB 900. Kadi ya GB 64 inajaa kwa saa moja na kidogo. Kuipandisha video ya namna hiyo kwenye intaneti kwa megabaiti za kununua ni hasara. Wanaotumia hibridi kwa WhatsApp na Facebook wanarekodi 1080p, na hakuna anayelalamika.

Moto ukikatika

Kule ambako umeme wa SNEL unakuja na kuondoka, bateri ni jambo la kwanza, si la mwisho. Bateri ya 1300D, LP-E10, ni ndogo, lakini kwa vipimo vya kiwanda inafikisha karibu foto 500 kwa mtu anayechungulia kwenye tundu, kwa sababu tundu hilo halitumii umeme. Bateri ya R50, LP-E17, iko na nguvu zaidi kidogo, lakini inafikisha foto pungufu, kwa sababu kihisi na ekrani vinafanya kazi muda wote. Kwa harusi ya siku nzima, mwenye hibridi ahesabu bateri 3 ama 4. Mwenye refleksi anaweza kumaliza siku na 2.

Upande mwingine, R50 inapokea moto kwa kamba ya USB-C ndani ya apareye, kwa hiyo pawabanki ama sola inaweza kuisaidia njiani. Inaomba pawabanki yenye alama PD. Chaja ndogo ya simu haitoshi. 1300D haina njia hiyo: bateri inatolewa na kuwekwa kwenye chaja yake.

Vumbi pia linahesabiwa. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na vumbi jeusi linaingia kila mahali. Mtu akitoa lenzi kwenye refleksi, kioo na shata vinafunika kihisi. Kwenye R50, kihisi kiko wazi mbele ya macho. Wenye hibridi wabadilishe lenzi ndani ya nyumba ama ndani ya gari, apareye ikiwa imezimwa na mdomo wake ukiangalia chini.

Vifaa vya zamani: nini kinahama, nini kinabaki

Lenzi za refleksi za Canon, EF na EF-S, zinaingia kwenye R50 kwa pete ya kuunganisha inayoitwa EF-EOS R. Ndani yake hakuna kioo cha lenzi. Inajaza tu zile milimita 24 zilizokosekana. Ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa karibu dola 100. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi za hibridi haziingii kwenye refleksi.

Flashi ndiyo mtego. Mahali pa flashi pa R50 hapana zile nukta za zamani za kugusana. Flashi za zamani, na vifaa vingi vya kuwashia taa za studio, vinaomba adapta nyingine, AD-E1. Mwenye studio ya foto za paspoti aijue gharama hiyo mbele ya kununua.

Mtego wa mwisho uko kwenye kompyuta. Foto ghafi za 1300D ni za aina ya CR2, za R50 ni CR3, aina iliyoanza mwaka 2018. Programu za kabla ya mwaka huo, kama Lightroom 6 ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi, hazifungui CR3. Atakayebaki na programu hiyo peke yake atapiga JPEG tu.

Bei, na kukagua ya okazioni

Huko Marekani, 1300D pamoja na lenzi yake ilitoka kwa karibu dola 550, na R50 pamoja na lenzi yake kwa karibu dola 800. Hapa kwetu bei inategemea muuzaji, njia na hali ya chombo, na 1300D inapatikana ya okazioni tu. Mbele ya kulipa, mnunuzi aende na kadi yake na afanye haya:

– Apige mbingu ama ukuta mweupe kwa f/16, kisha akuze foto. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi.
– Amulike lenzi kwa taa ya simu. Nyuzi kama utando wa buibui ndani ni kuvu, na kuvu haiponi kwa kufuta.
– Apige foto 50 mfululizo na flashi ikifunguka. Bateri iliyochoka itajitambulisha.
– Aangalie vipini vidogo ndani ya nafasi ya kadi na nyuma ya lenzi. Kilichopinda ni tatizo.
– Aombe fakture ama namba ya chombo. Apareye ya wizi inaweza kumfikisha mnunuzi polisi.

Nani achukue gani?

Mwenye studio ya paspoti na foto za kuchapa, mwenye flashi zake tayari, hana haraka ya kuacha refleksi. Anayeanza na makuta kidogo, na kazi yake ni foto, atafika mbali na 1300D nzima, lenzi ya 50 mm f/1.8 na bateri 2. Hiyo ni bora kuliko kukopa ili kununua hibridi yenye lenzi moja ndogo na bateri moja.

Anayeishi kwa video, mahojiano na habari za intaneti achukue hibridi, ama asubiri mpaka aipate. Kukosa maikrofoni na kulenga kwa mkono kutamla saa nyingi kuliko dola alizookoa. Na anayefanya harusi, foto na video pamoja, anaweza kuendelea na refleksi yake, akiweka makuta kwanza kwenye lenzi nzuri za EF. Siku atakayonunua hibridi, lenzi hizo zitahama pamoja naye.