Asubuhi Baada ya Usiku wa Wafu: Kuunda Upya Filamu ya Romero katika Mwambao wa Minago

Makala haya yanachunguza historia ya kuundwa upya kwa filamu ya Night of the Living Dead na kuuliza: hadithi hiyo ikisimuliwa kwa Kiswahili katika mwambao wa Minago na Rumonge, nchini Burundi, ni sehemu gani isiyopaswa kubadilishwa? Hoja yetu ni kwamba sehemu hiyo ni asubuhi ya mwisho, wala si wafu wanaotembea.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na George A. Romero, ilionyeshwa mwaka 1968. Shujaa wake, Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, hunusurika usiku kucha. Kunapopambazuka, raia wenye silaha wanaowasaka wafu humpiga risasi wakimdhania mmoja wao, na mwili wake huchomwa. Toleo la 1990, lililoongozwa na Tom Savini kwa mswada wa Romero mwenyewe, lilibadili tamati: Ben hufa na kugeuka zombi, naye Barbara hunusurika. Aliye hai hauawi tena kwa kudhaniwa mfu.

Wazo la zombi lilikulia Haiti, katika kumbukumbu ya utumwa: mtu aliyenyimwa hata pumziko la kifo ili aendelee kutumikishwa. Afrika Mashariki ina msukule, ambaye husadikiwa kuchukuliwa kwa uchawi na kulimishwa usiku. Watayarishaji wa filamu wa Dar es Salaam walikwisha kuchota kutoka kisima hiki. Nsyuka, filamu ya kutisha ya Mussa Banzi, ina jina la Kinyakyusa linalohusu wafu. Hata hivyo, zombi wa Romero ni adui wa kupigwa risasi, ilhali msukule ni ndugu aliyeibwa, ambaye jamaa zake hutamani arejee.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika mwambao huu. Tarehe 29 Aprili 1972, uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na raia wengi wakauawa. Ukandamizaji wa serikali uliofuata nchini kote ulichukua maisha ya watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengi walifukiwa katika makaburi ya halaiki pasi na mazishi ya heshima. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi. Kwa hadhira yenye historia hiyo, wafu si kundi la kuteketezwa. Ni watu wanaosubiri kutambuliwa. Nayo risasi inayompata Ben ni swali la kihistoria: nani huamua kwamba fulani si mtu tena?

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, tamati ya 1968 ihifadhiwe. Pili, mchawi asipewe sura ya ajuza wa jirani, kwa kuwa tuhuma za uchawi zimewagharimu wazee maisha yao katika ukanda huu. Tatu, hakimiliki ichunguzwe mapema: filamu ya 1968 ni mali ya umma nchini Marekani, kwa kuwa ilisambazwa bila tangazo la hakimiliki, lakini hadhi hiyo haivuki mipaka yenyewe. Watunga sera wanaofadhili filamu za Kiswahili wapime mswada kwa namna unavyowatendea wafu wake, kwani ndivyo utakavyowatendea walio hai.